Harufu ya Saa Kumi

Rukia, mjukuu wa marehemu dada yangu, ameniletea karatasi ya maswali. Anasema darasa zima mnajitayarisha kwa mtihani wa cheti cha usaidizi wa wauguzi, na kwamba sehemu ya kuzuia maambukizi ndiyo inayowaumiza vichwa. Ati Bi Zuhura atuandikie kidogo. Bi Zuhura haandiki, vidole vyake vimekakamaa. Yeye anasema na Rukia anaandika, na nimemwambia asinitengenezee maneno.

Nimeyasoma hayo maswali yenu. "Taja viungo sita vya mnyororo wa maambukizi." Kijidudu, mahali kinapokaa, mlango wa kutokea, njia ya kusafiria, mlango wa kuingilia, na mtu wa kumpata. Haya, alama sita hizo, mwataka nini tena? Niliyajua hayo kabla hamjazaliwa. Ungeniuliza usingizini ningekujibu, na bado nikafanya nililolifanya. Hilo ndilo ninalotaka kuwaambia, na kwangu si jambo jepesi, kwa hivyo mnivumilie nikizunguka.

Nilifanya kazi wodi ya wanawake, upande wa upasuaji, katika hospitali ambayo sitaitaja. Kutandika vitanda, kuogesha, kulisha, kubeba bedpani za haja, kupeleka vikopo maabara, kumshikia nesi troli anapofunga vidonda. Nilianza nikiwa msichana na nikastaafu na mvi. Nyinyi leo mnachomoa glavu kwenye boksi kama karatasi za kujifutia pua, mnavaa, mnatupa. Sisi tulizifua! Jioni tunaziosha kwa sabuni, tunazichemsha, tunazianika kambani nyuma ya wodi, zikikauka tunazipaka poda tuzivae tena. Siku yangu ya kwanza nilitoka nyuma huko mchana, jua kali, hakuna mtu, upepo wa bahari umezijaza zile glavu zikavimba. Mikono ishirini hivi, haina miili, inaniita. Niliangusha ndoo nikarudi ndani mbio, na manesi wakanicheka wiki nzima.

Aliyenifunza kazi hii hasa ni Sista Ndinda. Alitoka bara, Ukambani, mkristo wa kushika dini, mwembamba, mkali, sauti ya chini. Akikasirika alizidi kunong'ona, na hapo ndipo ulipojua umekwisha. Alipoletwa kuwa msimamizi wa kuzuia maambukizi, mimi nilikuwa mzoefu tayari na nilimwona kama mtu wa kutuharibia starehe. Siku moja aliniona nikikung'uta shuka za mgonjwa dirishani, pa! pa! pa!, kama niko kwangu.

"Zuhura, kuja hapa," akasema. "Leta mkono."

Nikampa. Akachovya kidole kwenye kikebe, akanipaka manjano, hii bizari ya kupikia, imechanganywa na mafuta kidogo, kiganja chote. "Sasa enda ukafanye kazi. Usinawe mpaka nikuite."

Saa moja baadaye akanishika mkono tukaizunguka wodi pamoja. Yaa Rabbi, manjano ilikuwa kila mahali. Kwenye mfereji, kwenye kitasa, kwenye reli za vitanda vinne, kwenye bilauri ya mgonjwa, kwenye mshipi wa saa yangu, kwenye buibui langu lililotundikwa chumba cha chai ambako siku hiyo naapa sikuingia. Kisha akanipeleka mbele ya kioo. Ilikuwa puani na mdomoni mwangu.

"Hii ni bizari, unaiona," akanong'ona. "Ile ingine huwezi kuiona."

Tangu siku hiyo nilinawa mikono nikawa mfano wa wodi. Wekeni hili akilini, wachunguzi wa mtihani wanalipenda: maji yanayotiririka, sabuni, viganja, mgongo wa mkono, katikati ya vidole, kidole gumba peke yake maana ndicho kinachosahauliwa, kucha ndani ya kiganja, kifundo. Ukimaliza usiufunge mfereji kwa mkono ule ule safi. Funga kwa karatasi au kiwiko. Unanawa kabla ya kumgusa mgonjwa, na baada yake, na baada ya kugusa kitanda chake hata kama yeye hukumgusa. Glavu hazikuondolei kunawa. Shuka chafu hazikung'utwi, zinakunjwa kwa ndani na kubebwa mbali na nguo zako. Na ile chupa ya sabuni ya maji pale sinki, ikipungua, usiijazie juu ya masalio. Iache iishe, ioshe, ikaushe kabisa, ndipo utie nyingine. Sista Ndinda alitufunza hilo la mwisho akiwa amesimama mbele yangu, na mimi nikaitikia kwa kichwa, ndiyo Sista, naam Sista.

Sasa nifike kwenye mrashi. Nyinyi mliotoka bara huenda hamuujui. Ni chombo cha kunyunyizia marashi ya mawaridi, tumbo la duara, shingo ndefu nyembamba, kichwani matundu madogo. Kwetu, sisi tuliotoka visiwa vya kaskazini, ndio unaozungushwa arusini na maulidini, kila mgeni anakingia mkono anapata matone yake. Wa mama yangu ulikuwa wa fedha, na yeye aliupata kwa mamake. Na nyumbani kwetu kulikuwa na desturi moja: mrashi hauachwi ukakauka. Marashi yakipungua unaongeza, basi. Mama akisema mrashi mkavu ni nyumba iliyofungwa. Alipofariki nikaurithi mimi ukiwa na marashi yake ndani, nikaapa sitayaacha yaishe.

Mkiwa wodi ya upasuaji mtajua aibu ya mgonjwa anayenuka. Kidonda kina harufu yake, na wageni wanaingia saa kumi jioni, mume anakuja, wakwe wanakuja. Nimeona wanawake wakijifunika shuka hadi puani kwa haya. Iliniuma sana. Basi nikaanza kuuchukua ule mrashi kazini, mkobani. Saa tisa na nusu, Sista akiwa ofisini na ripoti zake, napita kitanda hadi kitanda. Matone kidogo mkononi, kidogo kwenye mto wa kulalia, kidogo juu ya bandeji inayonuka. Wanawake wakitabasamu. "Mungu akuweke, Bi Zuhura." Marashi yakipungua nanunua kichupa mjini, naongeza, na yakiwa mazito naongeza maji ya mfereji. Sista alikuwa amekataza vitu vya nyumbani wodini, kwa hivyo nikiusikia mlango wake ukifunguka, mrashi unarudi mkobani. Nilijiona mwerevu.

Harufu ilianza miezi kadhaa baadaye. Si ya waridi, msije mkadhani. Hii ilikuwa tamu, nzito, kama embe lililoiva kupita kiasi likasahauliwa kwenye kabati. Ilikuja mchana mchana, wakati wa joto, feni zinazunguka na wagonjwa wamelala nusu. Unaweza kuwa unakunja shuka, mara inakupita usoni. Unageuka, hakuna mtu.

Mama Fumo, msaidizi mwenzangu tuliyepokezana zamu, ndiye aliyeanza kuinena. "Zuhura," aliniambia tukiwa kwenye chumba cha chai, "humu ndani mna mgeni." Alisema hivyo akitazama mlango. Nikamuuliza mgeni gani. "Mgeni gani huja na harufu nzuri bila kuonekana? Wewe mtoto wa Kiislamu nikufundishe mimi?" Kwetu pwani mtu akisikia manukato mahali pasipo na mtu hasemi mengi, anasoma anachokijua na kuondoka polepole.

Wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa mjini hapa, aliyepasuliwa tumbo. Mshono wake ulikuwa unakauka vizuri. Alikuwa kitanda cha tisa, karibu na dirisha. Tulisikia harufu upande wake siku ya Jumapili, na Jumanne nesi alipofungua bandeji, usaha ulikuwa wa kijani chenye ubuluu, kama kutu inayoota kwenye sinia ya shaba. Bibi alifariki kabla ya wiki kwisha. Wa pili alikuwa mama wa Mariakani aliyegongwa na pikipiki alipokuja kumzuru dadake. Kitanda cha tisa hicho hicho. Harufu, siku mbili, kijani. Yeye walimhamishia hospitali kubwa, na sikupata kujua kama alipona.

Basi ikawa kitanda cha tisa hakilaliki. Wagonjwa walikubali kulala chini kuliko kupelekwa pale. Mama Fumo akipita alikunja buibui lisiguse chuma chake. Mwishowe Sista Ndinda, kwa hasira na kwa kutuliza watu, akaagiza kitolewe, kikasuguliwe kwa maji ya klorini na kufungiwa stoo. Siku tatu wodi ikapumua. Siku ya nne, saa nane mchana, nimesimama katikati ya wodi na kikombe cha uji, harufu ikaja. Ilitokea kitanda cha nne, upande mwingine kabisa, mbali na dirisha.

Kitanda cha nne alilala Kadzo.

Kadzo alikuwa binti wa Kakuyuni, umri wa kuolewa, mcheshi kuliko wodi nzima. Alikuwa akikaanga viazi karai kando ya njia, karai likapinduka, mafuta yakamwagikia mkono wa kulia toka vidoleni hadi karibu na kiwiko. Mamake hakuondoka. Mchana alikaa barazani nje ya wodi, usiku akatandika leso hapo hapo. Alikuwa mama wa maneno machache, mkulima, mikono migumu, na kila nilipopita alisimama kunisalimu kama kwamba mimi ni daktari. Nikimwambia keti mama, anaketi, nikirudi anasimama tena.

Nilimpenda yule binti, sioni haya kusema. Sikuzaa mimi. Alinitania: "Shikamoo Bi Zuhura, leo umenioa mara ngapi kwa marashi yako?" Nami namwambia kaa kimya, mchumba gani atakutaka na mdomo huo. Na kwa kuwa nilimpenda, yeye nilimnyunyizia zaidi ya wote. Siku niliposikia ile harufu kitandani kwake, roho iliniruka. Nilirudi na mrashi nikamnyunyizia mto, shuka, bandeji yote mpaka ikalowa, huku nikisoma kila dua niliyofunzwa, nimfukuze huyo mgeni.

Siku ya pili bandeji yake ikafunguliwa. Kijani.

Sista Ndinda hakuamini majini. Alifunga ofisi yake akashuka wodini na vijiti vya pamba vya maabara. Alivipitisha kwenye sinki, mifereji, ndoo za deki, chupa za sabuni, reli, troli, mikasi, na mikono yetu sote. Mimi nilikuwa nimetoka kunawa, vizuri, vidole gumba na kila kitu. Majibu yakarudi: hakuna kitu. Kidonda cha Kadzo kilikuwa na kijidudu chake, cha aina inayopenda mahali pa majimaji, alisema, lakini kilikotoka hakikuonekana. Tukasugua wodi nzima mara mbili. Kadzo akapewa sindano za dawa kali, joto likashuka, kidonda kikaanza kuwa chekundu kizuri. Kisha likapanda tena. Likashuka, likapanda.

Nilimwona Sista Ndinda amesimama mlangoni ameshika tama. "Dawa inafanya kazi," akaniambia. "Lakini kuna kitu kinamrudishia. Kila siku, kuna kitu kinamrudishia." Aliyasema kwa ule mnong'ono wake, ila safari hii hakuwa na hasira, alikuwa na hofu. Nami sikujua anamsema nani.

Jumatatu daktari akazungumza na mama na binti, mimi nikiwa nimeshika troli. Kidonda kikiendelea hivi, sumu itaingia damuni. Alhamisi asubuhi watamkata mkono chini ya kiwiko, wamwokoe maisha. Isipokuwa kama kabla ya hapo kitaonyesha kutulia. Mama alisema "ndiyo" tu, akatoka barazani. Kadzo hakulia. Alingoja wengine waondoke akanishika kwa mkono mzima.

"Bi Zuhura, nikuulize, usikasirike."

"Uliza, mwanangu."

"Ile harufu, huja baada yako. Nimehesabu. Wewe unapita kwanza, halafu yenyewe inafuata. Siku zako za kupumzika huja na Mama Fumo, lakini ukiwepo wewe huwa kali zaidi." Akanitazama usoni, macho makubwa ya homa. "Kuna mtu anakufuata?"

Nilijikaza nikamfunika, nikaenda chooni nikajifungia. Nilinusa mikono yangu, nikanusa mkono wa nguo yangu, na nikaisikia hapo, embe bovu, chini kabisa ya waridi. Nilirudi nyumbani, mtaa wa Barani, kwa miguu, nikigeuka nyuma kila hatua chache kama mwendawazimu. Kulikuwa na jua bado. Hakukuwa na mtu.

Kesho yake, Jumanne, ilikuwa siku yangu ya kupumzika. Asubuhi nikaamua nitie marashi mapya kwenye mrashi, maana nilitaka Jumatano nimsomee Kadzo na kumnyunyizia kuanzia kichwani hadi miguuni. Nikakifungua kile kichwa chenye matundu. Kilikuwa kimekaza, na nilipokizungusha kilitoa sauti ya kunyonya. Sijui ni kitu gani kilinituma, maana maishani mwangu sikuwahi kuumimina, siku zote nimeongeza tu. Nikaumimina. Nilikuwa na bakuli jeupe la udongo juu ya meza, nikauinamisha hapo.

Yalitoka maji kidogo kwanza. Kisha yakasimama. Kisha ukatoka ute, mrefu, unavutika, haukatiki, ukajikunja ndani ya bakuli. Ulikuwa wa kijani chenye ubuluu. Na ile harufu ikajaa jikoni kwangu, kwenye vikombe vyangu, kwenye mapazia aliyoshona mama.

Nilikaa chini sakafuni. Nilijua hapo hapo, wala sikuhitaji maabara. Mahali kinapokaa: mrashi. Mlango wa kutokea: matundu. Njia ya kusafiria: mimi. Viungo vyote vile nilivyovikariri, vilikuwa mkobani mwangu, na kila saa tisa na nusu nilivipeleka kwa mkono wangu mwenyewe kwa wanawake wenye vidonda wazi, nao wananiombea Mungu. Yule bibi. Yule mama wa Mariakani. Kitanda cha tisa hakikuwa na lolote; kilikuwa karibu na dirisha tu, na mimi nilianzia pale kila siku, mrashi ukiwa umejaa. Hata Sista aliposafisha wodi yote, mimi nilikuwa nikiingia kesho yake na uchafu mpya.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipotaka tufike. Nilikuwa nimemgawia Mama Fumo. Kichupa kidogo, nimekijaza kutoka kwenye mrashi huo huo, awatie wagonjwa siku ambazo mimi sipo. Kilikuwa kwenye kabati la wodi, nyuma ya shashi za kufungia vidonda. Na Jumanne ile alikuwa kazini yeye.

Nilijua. Nilikuwa na simu mezani, na namba ya Sista Ndinda ndani yake. Niliishika. Nikafikiria nitaanzaje. Sista, nimekuwa nikikuficha. Sista, nimeua. Miaka yote ile ya kazi, jina langu, wasichana waliofunzwa kunawa kwa kuangalia mikono yangu. Nikajiambia, kesho nitafika mapema kabla ya wote, nitakitoa kile kichupa, nitakimwaga, na mambo yataisha yenyewe bila mtu kujua. Kadzo atatulia. Siku moja itadhuru nini? Nikalimwaga bakuli chooni, nikautia mrashi ndani ya mfuko, nikaufunga, nikaketi nao. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikapita. Saa tisa na nusu ilipofika nilikuwa nimeikazia macho saa ya ukutani, simu mkononi, na sikupiga.

Jumatano nilifika na mapema. Kichupa kilikuwa pale nyuma ya shashi. Kilikuwa kitupu.

Kadzo alikuwa anaweweseka. Joto lilipanda tangu magharibi, Mama Fumo akasema, na harufu ya jana ilikuwa ya kutisha, haijapata kuwa hivyo. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vyeusi. Nilikitazama kile kichupa kitupu mkononi mwangu, nikakitia mfukoni, nikaenda ofisini kwa Sista Ndinda na kuweka mezani kichupa na ule mfuko wa nyumbani. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Hata la jana nilimwambia.

Hakunong'ona. Alivaa glavu, akautia mrashi ndani ya mfuko mwingine, akaandika jina la wodi juu yake, akanawa mikono muda mrefu sana amenipa mgongo. Kisha akampigia daktari. Nilimsikia akisema, "Tumeipata. Msikate kesho. Mnipe siku mbili."

Nitawaambia sasa hivi msikae roho juu: Kadzo hakufa, na mkono haukukatwa. Kile kilichokuwa ndani ya mrashi na kilichokuwa kidondoni kilikuwa kitu kimoja, maabara ilisema. Waliondoa kila kitu cha kitandani kwake, dawa ile ile ikapata nafasi, siku mbili joto likashuka na halikupanda tena. Lakini vile vidole viwili vilikuwa vimekwenda, na wakavitoa. Daktari alisema huenda vingepona, wangejua siku moja mapema. Alisema "huenda," na mimi nimelala na neno hilo tangu wakati ule. Wodini harufu haikusikika tena. Mimi niliandikiwa barua, nikasimamishwa, nikarudishwa upande wa kufulia, na huko ndiko nilikostaafia. Nilistahili zaidi.

Ila kabla ya barua, Sista Ndinda alinipeleka barazani. "Wewe ndiye utamwambia mama," alisema. "Si mimi. Nitasimama hapa kando yako, lakini mdomo utakuwa wako."

Mamake Kadzo alituona tukija, akasimama kama kawaida yake. Nikamwambia keti mama, na safari hii nikaketi mimi chini, juu ya saruji, karibu na miguu yake. Nikamweleza. Marashi yalikuwa mabovu, ndiyo yaliyokuwa yakimrudishia mtoto ugonjwa, na yalikuwa yangu. Sikujua, mama, nilidhani namtendea wema. Nililia.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akanikunjulia leso yake nijifute, mnaona alivyokuwa? Mimi nikajifuta. Kisha akaniuliza, kwa upole, jambo ambalo hakuna karatasi ya mtihani itakayowauliza.

"Ulijua lini?"

Sista Ndinda alikuwa kando yangu. Ningeweza kusema "leo." Nadhani hata yeye angeninyamazia.

"Jana," nikasema. "Jana asubuhi."

Aliitazama mikono yake. Akaigeuza, kiganja, mgongo, kiganja.

"Jana kabla ya saa kumi," akasema, "mtoto alikuwa anaendelea vizuri. Mwenzako alitaka kumtilia marashi kidogo tu. Mimi ndiye niliyemwomba ammalizie chupa yote."